Shajara ya mradi: Shizitou ya chungu, Yangzhou

Septemba, katikati. Lengo

Mradi wenyewe ni huu: kupika shizitou nyumbani, tena ile ya mchuzi mweupe ambayo watu wa Yangzhou, mji wa mashariki mwa China, huiita qingdun, mpaka nipate donge la nyama ya nguruwe lenye ukubwa wa kikombe cha chai, linalokatika kwa kijiko bila kulazimishwa, na ambalo halikuvunjika humo chunguni. Jina lake ni kichwa cha simba. Mjini hapa kila mtu ana la kusema kuhusu chakula hiki na hakuna wawili wanaokubaliana, kwa hiyo naandika kila hatua nisije nikazungushwa na maneno ya watu.

Nipo Yangzhou kimasomo, nimepanga chumba chenye jiko lake. Vifaa: jiko la gesi la plate mbili, chungu cha udongo chenye mfuniko, kisu kipana cha Kichina, kibao kizito cha mti, mizani ya jikoni, friji ndogo yenye friza. Mashine ya kusagia nyama sina, na kadiri ninavyosikia wenyeji wakiitukana, sitainunua.

Kuhusu asili yake, inasimuliwa kwamba Kaisari Yang wa nasaba ya Sui, yule aliyechimbisha mfereji mkubwa na kuuawa hapa mwaka 618, alipendezwa na mandhari ya kilima fulani kilichoitwa cha alizeti, akawaamuru wapishi watengeneze chakula cha kufanana nacho. Baadaye, enzi za Tang, mkubwa mmoja akakibadilisha jina karamuni. Hadithi tamu, ila alizeti ni mmea wa Amerika. Ulifika China baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki, na wakati huo kaisari huyo alikuwa kaburini karibu miaka elfu moja. Ama ua lilikuwa jingine, ama hadithi imetungwa baadaye.

Ninayemwamini zaidi ni Yuan Mei, mshairi aliyeishi Nanjing. Kitabu chake cha mapishi cha 1792 kina madonge ya nyama yenye ukubwa wa kikombe cha chai, na mahali pengine anamtaja mtu wa ukoo wake aliyeshikilia kwamba nyama ya madonge hukatwa, haipondwi. Yuan Mei hakuieleza kauli hiyo, alisema tu kwamba bila shaka jamaa ana lake aliloliona. Nataka kujua aliona nini.

Septemba, mwishoni. Nyama

Sokoni nyama nzuri inatoka alfajiri. Ukifika saa tatu asubuhi unakuta masalia, na masalia hayafai kwa kazi hii.

"Shifu, nipatie nyama ya tumbo, jin mbili." Shifu ni kama fundi, ndivyo anavyoitwa muuza nyama, na jin moja ni nusu kilo.

"Unapika nini?"

"Shizitou."

Alikuwa ameshashika kipande cha mbele yake. Akakirudisha mezani, akashusha kingine kutoka kwenye ndoano na kukigeuza upande wa ndani ili nione mistari ya mahali mbavu zilipotolewa. "Hii ya mbavuni. Ile ya chini ya tumbo imelegea, ukiikata inateleza tu." Akachuna ngozi kwa mkupuo mmoja, akaikunja, akaiweka juu ya nyama. "Hii usitupe. Inalala chini ya chungu." Pembeni yake palikuwa na mashine ya kusagia. Aliitazama, akanitazama, akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kipande cha mbavuni kina tabaka za mnofu na mafuta zinazopishana vizuri, na mafuta yake ni magumu. Hilo la ugumu ndilo kubwa. Mafuta laini yanageuka uji chini ya kisu, wakati sisi tunataka yabaki vipande.

Sasa kiasi. Nyumbani mtu akiagiza kitimoto mara nyingi anasisitiza apewe mnofu, na mkaangaji akizidisha mafuta anasikia maneno. Huku ukipunguza mafuta umepunguza chakula. Kawaida niliyoikuta ni nusu kwa nusu, au mnofu uzidi kidogo kukiwa na joto. Wapo wapishi wa zamani wanaofika mafuta saba kwa mnofu tatu wakati wa baridi. Nimeanza na nusu kwa nusu.

Oktoba, baada ya likizo ya taifa. Kisu

Leo nimepika vyungu viwili kwa makusudi. Nyama ni ya mnyama mmoja, chumvi ile ile, moto ule ule. Cha kwanza nyama imesagwa kwa mashine ya sokoni (muuzaji alikubali, ila alinuna). Cha pili nimekata kwa mkono.

Ya kukata inaanzia friza. Nyama inakaa humo mpaka nje igande kidogo na ndani bado ibonyee, vinginevyo mafuta yanakimbia kisu. Kwanza natenga mnofu na mafuta, kila kimoja rundo lake. Kila rundo nalichana vipande vyembamba, vipande navichana nyuzi, nyuzi nazikata punje. Kipimo cha wapishi wa hapa kwa mafuta ni punje ya komamanga, na mnofu uwe mdogo kuliko hapo, karibu na punje ya mchele. Kilo moja inakula saa nzima na ushee, na mkono wa kulia unakukumbusha usiku.

Baada ya punje ndipo marundo mawili yanachanganywa kibaoni na kupigwapigwa kwa kisu, kidogo tu, kisu kikianguka kwa uzito wake chenyewe. Kanuni yao ina maneno manne: kata laini, ponda juujuu. Ukipiga sana umerudi kwenye nyama ya kusaga. Mimi nahesabu kwa macho: punje zikianza kushikana na bado kila moja inaonekana, naacha.

Matokeo baada ya saa mbili na nusu motoni. Donge la nyama ya kusaga lilikuwa zuri kwa sura, la mviringo kuliko lenzake, lakini lilipungua sana na kijiko kililikata kwa nguvu. Ndani lilikuwa kitu kimoja kizima, kimekaza na kuwa kikavu, huku mafuta yote yakielea juu ya mchuzi. Donge la kukatwa lilikuwa na mabonde na vilima. Kijiko kilizama lenyewe likiwa bado linatikisika, na ndani ungeweza kuona vipande: huu mnofu, haya mafuta yaliyogeuka kuwa kama jeli, hapa mwanya uliojaa mchuzi.

Sababu nimeitafuta na kuipata katika somo la protini. Nyama ina protini inayoitwa miosini, ambayo huyeyuka ikikutana na chumvi, ikawa gundi, kisha ikishikwa na joto inaganda. Mashine inasaga kila kitu na kuyapaka mafuta kila mahali, gundi inatoka kwenye nyama yote, na donge zima linakuwa kipande kimoja. Joto likizidi kipande hicho kinajikunja na kukamua maji yake chenyewe. Nyama iliyokatwa punje inatoa gundi juujuu tu. Punje zinashikana kwenye mipaka, ndani zimebaki nyama na mafuta kama zilivyokuwa. Mafuta yakilainika na mengine kutoka, yanaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ulaini.

Nadhani hicho ndicho alichokiona yule jamaa wa Yuan Mei. Hakuhitaji neno miosini, alikuwa na ulimi.

Oktoba, wiki inayofuata. Kukoroga

Tangawizi na vitunguu vya majani naviponda, naviloweka kwenye maji baridi, kisha navikamua na kutupa makapi. Maji hayo ndiyo yanayoingia kwenye nyama. Ukitia tangawizi yenyewe, mtu anaitafuna katikati ya donge laini na starehe yote inaisha.

Chumvi inatangulia. Gramu 8 kwa gramu 600 za nyama. Nakoroga kwa mkono, vidole vimefunguka, mpaka nyama inaanza kung'ang'ania bakuli. Hapo ndipo maji ya tangawizi yanaingia, kidogo kidogo, na nyama inayanywa. Ukimimina yote kwa pamoja inaogelea. Halafu mvinyo wa mchele wa Shaoxing, ute wa yai moja, wanga kijiko kimoja. Mwisho naongeza biqi, viazi vidogo vya majini vyenye ganda la kahawia na nyama nyeupe inayokatika kwa mlio hata ikipikwa. Ni ukoo mmoja na ndago zinazotusumbua mashambani, na tofauti ni kwamba hizi zina faida. Zimenywe na kukatwa ndogo kama mafuta.

Ayi wa chumba cha jirani aliingia nikiwa na mkono bakulini. Ayi ndivyo tunavyowaita mama wa rika lake. Hakusalimia.

"Unazungusha upande gani?"

"Kulia, Ayi."

"Basi kulia mpaka mwisho. Ukirudi kushoto, imekufa."

Kanuni hii inarudiwa na kila mpishi wa Kichina niliyekutana naye, na mimi sikuiamini. Kwa hiyo niligawa nyama nusu kwa nusu. Bakuli moja nikazungusha kulia tu, la pili nikakoroga ovyo, kulia, kushoto, katikati. Nikapika chungu kimoja, madonge nikayatia alama kwa kipande cha karoti. Jioni nikamwita aonje. Alikula yote mawili taratibu, akachagua bila kusita lile nililokoroga ovyo. Nilipomwambia, alisema nimechanganya karoti.

Msimamo wangu: mwelekeo mmoja una faida moja, unakupa mdundo na hukorogi kupita kiasi. Kinachoamua ni ubaridi. Mkono una joto, na nyama ikipata joto mafuta yanaanza kupaka. Sasa naweka bakuli juu ya barafu, na nikiona nyama imeanza kung'aa kwa mafuta badala ya kunata, inarudi friji kwanza.

Kuunda donge kunataka mikono iliyolowa kwenye maji ya wanga. Nalirusha donge kutoka kiganja hiki kwenda kile, mara kadhaa, mpaka hewa itoke na ngozi ya juu iwe laini. Halikamuliwi. Anayelibana kama anafinya ugali ameitupa kazi yote ya kisu.

Oktoba, mwishoni. Moto

Hapa ndipo penye chakula, na ndipo watu wanapopapita haraka wakielezea.

Chini ya chungu inalala ile ngozi ya nguruwe, upande wa mafuta juu, na mifupa ya mbavu kama ipo. Juu yake majani ya kabichi ya Kichina. Hivi vinazuia madonge yasiguse udongo wenye moto, na ngozi inatoa kolajeni, protini yake, kwenye mchuzi. Maji ya moto yanaingia, chungu kinakaribia kuchemka, maji yanatetemeka pembeni lakini katikati yametulia. Hapo madonge yanateremshwa moja moja, yakiwa kwenye upawa, mpaka yaguse kitanda chake. Huruhusiwi kuyaachia. Wala huruhusiwi kutia mwiko tena mpaka chakula kiive, hata ukisikia kitu kikigonga ndani.

Nyama ya nje inashikwa na joto la maji na kuganda kwanza, ikawa ganda linalobeba vilivyomo. Maji yakiwa baridi mno, donge linalegea na kusambaa kabla ganda halijafunga. Yakichemka kwa fujo, yanalibomoa. Dakika za mwanzo nasimama hapo hapo. Povu la kijivu linapanda, naliengua mpaka mchuzi uwe safi. Ndipo majani mengine ya kabichi yanafunika madonge kama shuka, mfuniko unakaa, na moto unashushwa mpaka mwisho wa swichi.

Shuka la kabichi nililidhani pambo. Nikapika chungu kimoja bila hilo. Vichwa vya madonge vilivyochomoza nje ya maji vilikauka na kuwa na rangi ya udongo, na sehemu ile ilikuwa ngumu kutafuna. Pamoja na hilo, kabichi inanywa mafuta yanayopanda, na jani lililokaa humo saa mbili ni tamu kiasi kwamba mara nyingine ninaligombea kuliko nyama.

Muda: saa mbili na nusu. Baada ya saa moja nyama imeshaiva, unaweza kuila na haina madhara, lakini si shizitou. Kolajeni iliyo kati ya nyuzi za nyama inataka muda mrefu kwenye moto mdogo ili igeuke kuwa jeletini, na hapo ndipo donge linapoacha kutafunika na kuanza kuyeyuka. Nimelipima kwa kufungua kila nusu saa. Kati ya saa moja na nusu na saa mbili kuna mabadiliko ya ghafla: kidole kikiligusa, donge linatikisika zima kisha linatulia.

Jiko langu la gesi hata likiwa chini kabisa bado linachemsha. Nimeweka bati la chuma kati ya moto na chungu. Sasa chungu kinatoa kiputo kimoja, kinapumzika, kinatoa kingine, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Chumvi ya mchuzi inaingia mwishoni kabisa. Sosi ya soya haina kazi hapa.

Novemba, mwanzoni. Ya sosi ya soya

Kwa ajili ya haki tu. Toleo jekundu, ambalo Shanghai wanalipenda, linaanza kwa kukaanga donge mpaka liwe na ganda la kahawia, kisha linapikwa kwenye sosi ya soya, sukari ya mawe, mvinyo na anisi ya nyota. Kaskazini wana ndugu yake wa harusini, madonge manne kwenye sahani moja, kila moja likiwakilisha heri yake. Ni rahisi, harufu yake inafika barabarani, na kwa wali ni hatari. Lakini sosi inafunika kila kitu. Mpishi mvivu anaweza kujificha nyuma yake. Nimelipika, nimelila, naendelea na jeupe.

Novemba, wiki ile ile. Chungu cha pili

Yupo dada wa Unguja tunayesoma naye, na amekuwa akisikia habari za chungu hiki bila kukionja. Nguruwe hali, wala hatakula kilichopikwa kwenye chungu changu. Basi ikabidi vinunuliwe vipya: chungu, kisu, kibao, bakuli. Vinakaa kwake.

Mji huu wenyewe una historia ya Waislamu ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Msikiti wa Xianhe ulianzishwa mwaka 1275 na Puhaddin, mgeni kutoka Uarabuni, na kaburi lake liko kando ya mfereji mpaka leo. Wahui, Waislamu wa Kichina, wana bucha zao, na bucha hizo zina kidari cha ng'ombe chenye mafuta.

Ng'ombe ana tabia yake. Mafuta yake yanaganda mapema yakipoa, kwa hiyo donge linaliwa likiwa linafuka moshi au lisiliwe kabisa. Mnofu wake una nyuzi ndefu, nimeukata mdogo zaidi na kuongeza maji ya tangawizi. Mvinyo umeondoka, mahali pake nimeweka pilipili manga nyeupe na tangawizi zaidi. Muda umefika saa tatu na nusu. Mafuta nilipunguza mpaka theluthi moja, kwa sababu yakizidi yanapaka kaakaa.

Hukumu ya dada: "Hii kababu ya mgonjwa." Akaongeza mchuzi. "Lakini tamu, wallahi. Ungetia ndimu na pilipili mbuzi ingekuwa chakula." Nikamwambia mpishi wa Yangzhou angelia. "Mwache alie, mimi ndo ninayekula."

Ndimu alitia. Na nikiri kwamba kwenye ng'ombe ndimu inakata yale mafuta vizuri sana. Kwenye nguruwe jeupe sithubutu.

Novemba, katikati. Kaa

Msimu umefika. Kaa wa maji baridi wa huku, mwenye manyoya kwenye magando, huliwa kwa utaratibu: mwezi wa tisa wa kalenda ya mwandamo ni wa majike, wa kumi ni wa madume. Majike wana mayai, madume wana ile mafuta nzito nyeupe inayonata kwenye meno. Nimenunua wa jinsia zote mbili, wakiwa hai, wamefungwa kamba miguu yote.

Wanapikwa kwa mvuke na tangawizi, wakipoa wanachambuliwa. Kazi ya kuchambua ni ya watu wawili wenye mazungumzo. Ukiwa peke yako unaanza kula, na mwisho wa kazi bakuli halina kitu. Ayi alikuja na mkasi wake. Anakata ncha zote mbili za mguu, anausukuma mguu mwembamba ndani ya mnene, nyama inatoka nzima upande wa pili. Mimi nilikuwa nikivunja kwa meno.

Nyama ya kaa na mayai vinakaangwa kidogo kwenye mafuta ya nguruwe na tangawizi, mpaka mafuta yawe na rangi ya machungwa. Nyama yote ya kaa inachanganywa na ya nguruwe mwishoni mwa kukoroga, mayai yanabaki, na kila donge linapachikwa kidogo utosini. Nimepunguza chumvi, nimeondoa biqi. Wapo wanaoiacha humo, lakini mlio wake unapigana na kaa.

Mchuzi wa siku hiyo ulikuwa na duara za mafuta ya machungwa juu, na nyumba ilinukia mpaka ngazi za chini. Ila nitasema ninavyoona: kaa anafanya chakula kiwe cha fahari, hafanyi donge liwe bora. Nikimpikia mgeni nitaweka kaa. Nikipika kwa ajili ya kuelewa, sitaweka.

Januari. Baridi

Yangzhou iko kusini mwa mstari wa mto Huai, na kusini ya mstari huo serikali haikupanga majumba yapashwe joto kwa mabomba kama kaskazini. Matokeo yake jikoni kwangu ni friji. Navaa koti nikipika. Kwa shizitou hii ni neema: nyama haihitaji friza, mafuta yamekaza yenyewe, vidole vimekufa ganzi lakini kisu kinapita safi. Sasa naelewa kwa nini wale wa zamani walithubutu mafuta mengi majira haya. Siyo tamaa ya mafuta peke yake. Baridi ya jikoni inaruhusu.

Nimepanda mpaka mafuta sita kwa mnofu nne. Donge linasimama. Kwa ulimi wangu tofauti na nusu kwa nusu ni ndogo kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mengi yanaondoka kwenye mchuzi na kuenguliwa. Kwa kijiko tofauti ni kubwa. Hapa kijiko hakikati, kinaingia. Saba kwa tatu nililijaribu na halikunishinda, ila mezani watu wawili waliacha nusu. Sita kwa nne ndiyo mwisho wangu.

Uhifadhi: yaliyobaki yanalala ndani ya mchuzi wake. Kesho yake mchuzi umeganda jeli, mafuta yamekuwa tabaka jeupe juu, unaliondoa kwa kijiko na kuliweka kwa kukaangia wali. Chungu kinapashwa taratibu mpaka jeli iyeyuke. Ninaweka hapa bila woga kwamba ya siku ya pili inashinda ya siku ya kwanza. Chumvi imesambaa, na donge limerudisha sehemu ya mchuzi lililoupoteza.

Februari, baada ya mwaka mpya wa Kichina. Ilipofikia

Vipimo ninavyofanyia kazi sasa, kwa madonge sita:

Nyama ya tumbo ya mbavuni gramu 600 baada ya kuchuna ngozi, mafuta nusu (sita kwa nne kukiwa na baridi). Chumvi gramu 8. Maji ya tangawizi na vitunguu vya majani mililita 90. Mvinyo wa Shaoxing kijiko kimoja cha chakula. Ute wa yai moja. Wanga kijiko kimoja, na kingine cha kulowesha mikono. Biqi tano. Ngozi ya nguruwe, mifupa michache, kabichi ya Kichina nusu. Saa mbili na nusu, bati chini ya chungu. Mezani kila mtu bakuli lake dogo, donge moja, mchuzi kufika kiunoni mwake, na kichwa kimoja cha chainizi changa kilichochovywa kwenye maji yanayochemka kisha kutolewa mara moja.

Wanga bado nataka kuupunguza. Ayi anasema mama yake hakutia hata chembe, alitegemea kukoroga peke yake. Nimejaribu nusu kijiko, yamesimama. Bila wanga kabisa, donge moja lilipasuka ubavuni na mengine yalikaa, kwa hiyo inawezekana, ila nyama inataka kukorogwa zaidi na barafu izidi.

Kinachofuata ni toleo la majira ya machipuko. Miezi hiyo wanatia machipukizi ya mianzi, ambayo lazima yachemshwe kwanza ili ule ukakasi utoke, au kome wa mtoni. Kome ndio wanaonivuta. Mguu wake ni mgumu, unapondwa kwa mgongo wa kisu kabla ya kuingia chunguni, vinginevyo saa mbili na nusu haziutoshi. Muuza samaki amesema nimwagizie Machi, niwachukue kabla ya Qingming, sikukuu ya kusafisha makaburi mwanzoni mwa Aprili, na nije na ndoo yangu mwenyewe.